Aliyepika Hakuonja

Papa Adolphe anadai kwamba damu aliiona kwa macho yake mwenyewe.

Anadai ilikuwa asubuhi, siku kadhaa kabla ya yule Mzungu kufa. Alikuwa jikoni anachemsha maji ya chai, akasikia bomba linafunguliwa upande wa pili wa uzio. Akasogeza pazia kidogo. Noëlla, jirani yake, alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, mikono yote imezama kwenye beseni, na maji yaliyomwagika kutoka kwenye beseni lile yalikuwa mekundu. Si wekundu wa udongo. Yalitiririka juu ya saruji mpaka kwenye karo. Halafu, anadai, yule binti akaanza kuongea na mtu ambaye hayupo.

"Anasema na nani?" Papa Adolphe aliuliza, kana kwamba Sajini Elieshi Msuya ndiye aliyekuwa amechuchumaa pale. "Hakuna mutu! Niliangalia huku, niliangalia kule. Na yeye anacheka, anasema, 'Nitakuletea, nitakuletea tu. Utakunywa upate nguvu.' Mama, ni mutu gani banamupelekeaka damu akunywe?"

Elieshi alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, simu yake juu ya meza inarekodi. Alikuwa ameshaona chumvi iliyomwagwa mstari mmoja kwenye kizingiti cha mlango, na kitasa kipya juu ya kitasa cha zamani.

"Papa, una uhakika wa maneno hayo?"

"Na Biblia. Nitakuletea. Utakunywa upate nguvu."

"Alikuwa amevaa nini kichwani?"

"Kofia ya baridi. Ya sufu."

"Imefunika masikio?"

Mzee akamtazama kwa mashaka. "Imefunika. Masikio inaingia wapi mu mambo ya bulozi?"

"Ulimwona ameshika kisu? Kuku? Manyoya?"

"Niliona damu. Mutu akiona damu anatafuta tena manyoya?"

Konstebo Mohinder, kijana wa Southall asiyejua Kiswahili hata neno moja, alikuwa amesimama dirishani. Akaegemea na kumnong'oneza, "Anasema nini?"

"Anasema jirani yake ni mchawi."

"Niandike hivyo?"

"Andika maji mekundu."

Walitoka wakazunguka hadi nyuma ya nyumba ya Noëlla, moja ya zile nyumba za Edmonton zilizoshikana bega kwa bega mtaa mzima. Elieshi alisimama pale beseni lilipokuwa, akageuka kutazama dirisha la jirani. Pazia likatikisika. Mzee hakudanganya: kutoka jikoni kwake unaona kila kitu.

Akachuchumaa. Kuzunguka karo, kwenye vinyweleo vya saruji, rangi ilikuwa imebaki. Mohinder alikwangua kwa pamba, akaiinua juani.

"Damu ikikaa inakuwa kahawia," alisema.

"Na hii?"

"Hii ni ya waridi. Kama pipi za watoto."

"Basi si damu."

"Ni nini?"

Elieshi aliitazama tena ile pamba. Alikuwa anajua ameiona rangi ile mahali, zamani, wala si London. Akafunga kifuko cha ushahidi, akaangalia saa.

Noëlla alikuwa mahabusu tangu jana. Kufikia jioni Elieshi alitakiwa amwambie mkubwa wake neno moja kati ya mawili: ashitakiwe au aachiwe. Mkubwa wake alikuwa ameshachagua lake. Kwenye maonyesho ya makumbusho ya mtaani, watu wawili walikunywa pombe ya mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Mmoja akafa hospitali, na madaktari wakasema ni sumu ya kuulia wadudu. Wa pili hata kuumwa tumbo hakuumwa. Kwa hiyo sumu haikuwa mtungini. Ilikuwa kwenye mrija. Na mirija waligawiwa na yule aliyepika pombe.

Ilikuwa hesabu fupi, na Elieshi hakuona mahali pa kuikosoa.

*

Makumbusho yenyewe yalikuwa madogo, nyumba ya zamani ya mchungaji. Nyuma, bustanini, Dokta Hartnoll, yule marehemu, alikuwa amejenga chumba cha matofali ya udongo kwa mikono yake. Alitaka watu waingie ndani, waone miji ya kwanza kabisa duniani ilivyoishi: nani alisaga, nani alipika, nani aliandika kwenye udongo, nani alisimama na mkuki mlangoni. Kwa ajili ya siku ya maonyesho alitafuta watu wa mtaani, akampa kila mmoja kazi yake ya miaka elfu na elfu iliyopita.

Mama wa Kiingereza anayeshika funguo aliwafungulia. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alipofika kwenye chumba cha udongo alisimama nje, hakutaka kukanyaga ndani.

"Alianguka pale," alisema. "Akaangukia mtungi. Ukavunjika, pombe yote ikanywewa na ardhi. Vigae wamechukua wenzenu."

"Majibu ya maabara bado," Mohinder alisema.

Ndani kulikuwa na jiwe la kusagia, mkeka, na vigoda viwili vinavyotazamana. Ukutani kulikuwa na picha kubwa iliyotolewa kwenye muhuri wa mawe wa wakati ule. Watu wawili wamekaa. Katikati mtungi. Mirija mirefu imetoka mtungini mpaka midomoni mwao. Pembeni amesimama mtu wa tatu, mdogo kuliko wao.

"Huyu ni nani?" Elieshi aliuliza.

"Mpishi wa pombe, Dokta alivyopenda kusema. Wengi walikuwa wanawake. Wafanyakazi walilipwa kwa shayiri na bia, kwa hiyo bila yeye hapakuwa na ukuta wala hekalu." Yule mama akajaribu kutabasamu. "Noëlla alifurahi sana kusikia hivyo. Alisema basi bibi yake alikuwa mtu mkubwa."

Elieshi alibaki anaitazama picha.

"Hawa wawili wanakunywa?"

"Ndiyo."

"Unajuaje?"

"Mirija iko midomoni."

"Ndiyo," Elieshi alisema taratibu. "Iko midomoni."

Akauliza habari za siku yenyewe. Dokta alivuta, alisema yule mama, akakunja uso, akawaambia wageni kwamba ni chungu kweli, na watu wa kale walikuwa wavumilivu. Watu wakacheka. Akaendelea kuvuta. Alikuwa anamchokoza mwenzake, Kibet, yule Mkenya aliyeigiza askari, washindane nani atafika chini. Baadaye jasho, mate, mikono inatetemeka. Wageni walifikiri anaigiza.

"Walipiga makofi," alisema, akaziba mdomo.

"Shayiri ilitoka wapi?" Elieshi aliuliza, kwa sauti ile ile.

"Ya kwanza dukani. Noëlla akailoweka, ikaoza, haikuota hata punje. Ya dukani imekobolewa, imekufa. Dokta alinuna. Akaenda mwenyewe shambani kwa rafiki yake, akarudi nayo kwenye mfuko wa kitani aliokuwa ameushona ili ufanane na mambo ya kale. Alisema sasa tumepata iliyo hai."

"Uliiona?"

"Ilikuwa imefungwa. Alimkabidhi Noëlla hivyo hivyo."

*

Noëlla alikuwa ameletewa chakula, hakukigusa. Alikuwa binti mwembamba wa Uvira, mlezi wa wazee kwa kazi, na tangu alipoletwa kituoni alikalia mikono yake, kama anayeogopa itafanya jambo. Wakili wake, Manish, alikaa kando, na sauti ya mkalimani ilitoka kwenye simu ya mezani kwa ajili yake na kwa ajili ya rekodi.

"Yaya," Noëlla alisema kabla hajaulizwa, akimwita dada mkubwa kama kwao Kongo, "watanirudisha?"

"Nijibu kwanza mimi. Nani alikufundisha kupika pombe?"

"Bibi yangu. Alikuwa anapika ya mtama. Mi napika tu, sinywi. Nimeokoka."

"Hukuionja?"

"Hapana."

"Hata tone? Kabla ya kuwapa watu?"

"Hata tone. Dokta alisema nionje kwanza mbele ya wageni, njo desturi ya kale. Mi nikakataa. Akasema haina shida."

"Jirani yako alikuona unaosha kitu chekundu."

Noëlla karibu acheke. "Ah, Papa Adolphe! Ni shayiri, yaya. Ilikuwa nyekundu-nyekundu. Niliosha, niliosha, mpaka maji yakatoka meupe. Dokta aliniambia ni mbegu ya watu wa kwanza kabisa, kwa hiyo nikajua njo rangi yake."

Kalamu ya Elieshi ilisimama. Rangi ya waridi. Mbegu. Kitu kilitaka kusimama kichwani mwake, na palepale kikaangushwa na kitu kingine: Kibet. Kama ubaya ulikuwa kwenye shayiri, Kibet naye angekuwa chumba cha maiti. Kibet alikuwa mzima Wembley, anafanya kazi.

Akaendelea.

"Mirija uliigawa wewe?"

"Njo kazi alinipa."

"Wa Dokta ulikuwa upi?"

"Ule mrefu. Kwa sababu yeye ni mukubwa."

Manish aliinua mkono. "Mteja wangu hatajibu tena kuhusu mirija."

Jibu lilikuwa limeshatoka, na kila mtu chumbani alilisikia. Noëlla aliwatazama mmoja mmoja. Hakuelewa amekosea wapi, ila alijua amekosea.

"Jambo moja la mwisho," Elieshi alisema. "Shayiri yote iliingia mtungini?"

Binti aliinamisha kichwa.

"Iliisha," alisema.

"Yote?"

"Iliisha, yaya."

"Unaogopa nini, Noëlla?"

"Makaratasi yangu ya kukaa hapa yako Home Office. Wakiona jina langu kwenye kitu, hata kitu kidogo, njo mwisho."

"Kitu kidogo kama nini?"

Akageukia ukuta, na Manish akaomba mapumziko.

Nje, Mohinder alisema, "Amesema 'mrefu' kwa mdomo wake. Mkubwa atamshitaki."

"Twende Wembley kwanza."

"Kufanya nini? Kibet ameshaandika maelezo yake. Alikunywa, hakuumwa."

"Nataka kumuuliza ladha," Elieshi alisema.

*

Walimkuta Kibet kwenye geti la uwanja, koti la njano linalong'aa, anapanga vizuizi kwa ajili ya tamasha la kesho. Mtu mrefu, mpole wa sura, mwenye sauti ndogo kuliko mwili. Alipoona kitambulisho cha Elieshi aliangalia nyuma yake, kisha kushoto, kisha akawaongoza mpaka nyuma ya kibanda cha tiketi.

"Madam, si niliandika statement?"

"Uliandika. Nimekuja tu tuongee. Wewe ulipewa kazi gani siku ile?"

"Askari wa mfalme." Akajaribu kucheka. "Nikavalishwa sketi ya manyoya. Wasee wa kazini wamenicheka wiki mzima. Wananiita Malkia."

"Ukakaa na Dokta mtungini."

"Ndiyo. Alijua kwetu wazee hunywa hivyo, na mirija. Akasema mimi ndio nitaonyesha watu vile inafanywa."

"Na ulikunywa."

"Nilikunywa."

"Ilikuwa na ladha gani?"

Kibet aligeukia barabara. Lori lilikuwa linarudi nyuma mahali fulani, likilia pii, pii, pii.

"Ya kawaida tu. Tamu tamu hivi."

"Tamu?"

"Eeh. Tamu."

"Dokta aliwaambia watu wote pale kwamba ni chungu. Alikunja uso. Wewe ulikuwa mbele yake, magoti yenu yanagusana." Elieshi alisogea karibu, akashusha sauti. "Kaka Kibet. Kuna binti mahabusu. Jioni hii anashitakiwa kwa kuua. Nakuuliza mara ya mwisho. Ulikunywa?"

Kibet alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Jasho lilikuwa limemtoka na hali ya hewa ilikuwa baridi.

"Huyo msichana hakuonja," alisema.

"Endelea."

"Mwenye kupika ndio huonja kwanza. Mbele ya kila mtu. Anavuta, anameza, mnamwona, ndio nyinyi mnaanza. Dokta akamwambia aonje, akakataa. Akakataa, madam! Wazungu wakacheka tu. Mimi nikasikia nywele zimesimama."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Ukikataa mbele ya watu umemwita mama ya wenyewe mchawi. Na kumbe labda ni mambo ya kanisa tu." Alijipangusa uso. "Kwa hivyo nikaweka mrija mdomoni. Nikauma. Nikawa navuta mashavu, hivi, hivi. Hakuna mtu anaweza jua."

"Hukumeza kitu?"

"Hata tone. Na Dokta ananiambia, 'Kibet, unavuta kama mtoto, nitakushinda.' Yeye anashindana, mimi navuta hewa."

Mohinder alikuwa anamtazama Elieshi, anasubiri tafsiri. Hakuipata.

"Polisi walipokuja ukasema ulikunywa."

"Picha ziko kila mahali, mimi na mrija mdomoni. Nikisema sikunywa, mtaniuliza ulijuaje usinywe? Anayejua asinywe si ndio ametia?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Siku hizi silali. Sasa mtanifunga?"

"Utakuja kituoni useme hivi hivi mbele ya rekodi. Leo."

"Lakini mtanifunga?"

"Maliza vizuizi vyako, uje," Elieshi alisema, akaondoka kwa haraka, karibu kukimbia.

*

Ndani ya gari alikaa bila kufunga mkanda.

"Hakunywa," alimwambia Mohinder. "Alijifanya tu. Aliyekunywa ni mmoja."

Mohinder alifikiri. "Basi mrija hauna kosa lolote. Sumu inaweza kuwa ilikuwa mtungi mzima."

"Ilikuwa mtungi mzima. Endesha."

Barabarani alimweleza, macho mbele. Kwao Same, kabla ya mvua, mama yake alinunua mahindi ya kupanda kwenye duka la pembejeo. Punje zilikuwa za waridi, nzuri, watoto walizitamani. Mama alizifunga juu kabisa darini, akawaapia kwamba atakayegusa atachapwa, kwa sababu zimepakwa dawa ya wadudu. Jirani kuku wake walizila wakaisha wote. Ile ni rangi ya kuonya watu. Dokta alitaka shayiri inayoota. Shambani, shayiri inayoota imewekwa kwa ajili ya kupandwa. Akaitia kwenye mfuko wa kitani, na kama gunia la kwanza lilikuwa na onyo, lilibaki huko huko.

"Na binti akaosha rangi," Mohinder alisema.

"Akaosha rangi. Kwa sababu aliambiwa ni ya kale."

"Kwa hiyo hakuna muuaji." Akapumua. "Anaenda nyumbani."

"Maabara ipime ile pamba ya kwenye karo leo hii. Wapigie. Na shamba lile litafutwe."

Mohinder alipiga kwa simu ya gari, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Elieshi hakutabasamu. Alikuwa ametoa simu yake, anasikiliza tena sauti ya Papa Adolphe, kipande kimoja, anarudisha, anasikiliza tena.

*

Noëlla alipomwona anaingia alisimama, na Manish akasimama naye. Mkalimani alikuwa tena kwenye simu ya mezani.

"Kaa, mdogo wangu," Elieshi alisema. "Nafikiri hukumuua mtu. Nafikiri ile rangi haikuwa rangi ya shayiri. Ilikuwa dawa ya shambani, na Dokta hakujua, na wewe hukujua."

Binti alichukua muda kuelewa. Halafu uso wake haukufunguka kama walivyotarajia. Ulifunga.

"Dawa?" alisema. "Hata ukiosha?"

"Hata ukiosha."

"Hata ukianika? Ukitwanga, ukachemsha?"

Elieshi aliweka simu mezani. Sauti ya mzee ikajaza chumba. Nitakuletea, nitakuletea tu. Utakunywa upate nguvu.

"Ulikuwa umevaa spika za masikioni chini ya kofia," Elieshi alisema. "Ulikuwa unaongea na mtu kwenye simu. Pombe ile ilikuwa ya kunywewa makumbusho tu. Haikuwa ya kupelekewa mtu. Noëlla, ulimwahidi nani?"

"Sikuiba," Noëlla alisema.

"Najua."

"Kilibaki kimea kidogo tu, yaya. Unga wake. Kingetupwa. Ni mali ya makumbusho, nikaogopa mtasema nimeiba, na makaratasi yangu..." Akashika kichwa. "Mama Godbless. Elinaja. Amejifungua, maziwa hayatoki. Nikampelekea, apike uji wa kimea. Yesu. Yesu wangu. Nilimpelekea kwa mkono wangu."

"Lini?"

"Jumapili, baada ya kanisa. Alisema ana unga mwingine, aumalize kwanza."

"Anakaa wapi?"

"Hounslow. Peke yake na mtoto. Mume wake anafanya kazi kwenye ndege, hayupo." Alishika mkono wa Elieshi, kucha zikaingia kwenye nyama. "Hafungui mlango kwa askari. Hana makaratasi. Ukigonga na yunifomu anazima taa, anakaa sakafuni mpaka mnaenda."

Mohinder alikuwa ameshatoka mbio koridoni. Elieshi alipiga namba aliyotajiwa. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Noëlla alirekodi ujumbe wa sauti, maneno yanagongana, usiguse ule unga, Mama Godbless, umwage, usiupike. Ujumbe ukaenda. Haukufunguliwa. Manish alikuwa amesimama katikati ya chumba, tai ameilegeza, hajui aweke wapi mikono.

Kisha redio, kisha simu ya Mohinder. Aliingia nayo imewekwa sauti kubwa.

"Askari wa Hounslow wamefika mlangoni," alisema. "Gari la wagonjwa liko njiani, na chombo cha kuvunjia mlango. Wanagonga, hakuna anayejibu."

"Wanasikia nini?" Elieshi aliuliza.

Sauti ya kike ikatoka kwenye simu, imekatikakatika. "Kuna mtoto analia ndani. Kuna harufu ya kitu kimeungua. Mapazia yamefungwa."

"Kimeungua nini?"

"Kama uji, sajini. Uliosahaulika jikoni."

Noëlla aliinuka akaishika simu kwa mikono miwili. Hakuna aliyemzuia.

"Mwambie aweke simu kwenye tundu la barua," alisema. "Mwambie aiingize ndani, nitamwita. Sauti yangu anaijua."

Elieshi akatafsiri. Walisikia kifuniko cha chuma kinainuka, na kilio cha mtoto kikawa karibu mara moja, kana kwamba kiko chumbani nao.

"Mama Godbless!" Noëlla alisema. "Elinaja! Ni mimi, Noëlla. Hawajaja kukuchukua. Ninakuapia, hawajaja kukuchukua, wamekuja kwa ajili yangu mimi, nimekosea. Ule uji usiunywe. Kama umeshaunywa useme tu, gonga hata ukuta. Kama uko sakafuni, usiogope. Fungua, dada."

Mtoto alilia.

"Fungua mlango, Elinaja. Gonga tu, nikusikie."

Wote wanne wakainamia simu. Mtoto aliendelea kulia, halafu akapunguza, halafu akanyamaza. Nyuma ya kimya kile waliweza kusikia kitu kinachemka, polepole, juu ya jiko.

"Elinaja," Noëlla alisema. "Nakuomba."